Bi Haraka na Barua ya Rambirambi

Shangazi yangu alikuwa karani wa masjala katika chuo cha ufundi kwa miaka ishirini na sita. Barua zote za chuo zilipita mikononi mwake: za usaili, za likizo, za kuthibitishwa kazini, za onyo. Namna yake ya kuziandika ilikuwa moja. Alifungua barua ya zamani kwenye kompyuta, akafuta jina, akaandika jingine, akachapisha. Walimu walimwita Bi Haraka, naye jina hilo alilipenda, maana hakuna aliyewahi kufika dirishani kwake akaambiwa arudi kesho.

Binti wa kompyuta, aliyeletwa kufunga programu mpya ya kuhifadhi nyaraka, alimshauri mara mbili tatu atengeneze violezo, yaani barua tupu za kujazwa tu.

"Mama, hizi barua kuukuu zitakuponza siku moja."

"Mwanangu, nimeanza kuandika barua hizi wewe hujaota hata meno."

Na kweli zikamponza. Mwalimu wa useremala alifiwa na mama yake. Shangazi akafungua rambirambi ya mwisho, ile aliyoandikiwa mpishi wa chuo alipofiwa na mumewe, akabadilisha jina la juu. Mkuu wa chuo akatia sahihi bila kusoma. Barua ikaenda.

Wiki iliyofuata mwalimu akaja dirishani. Ni pande la mtu, ndevu hadi kifuani. Akaikunjua barua taratibu juu ya kaunta.

"Bi Haraka, mnanipa pole kwa kifo cha mume wangu mpendwa."

Nyuma yake mtu alishindwa kujizuia, akacheka. Mwalimu mwenyewe akaangua kicheko, akacheka mpaka akashika kaunta. Kisha kicheko kikakatika, machozi yakashuka. Akayafuta kwa kiganja chenye vumbi la mbao, akaondoka.

Siku hiyo Shangazi alirudi nyumbani akakaa na viatu vyake miguuni.

"Mtu mzima amelia mbele yangu kwa uvivu wangu," aliniambia.

"Shangazi, wewe si mvivu."

"Basi ni nini?"

Nikainama, nikamvua viatu.

Kesho yake akamwita binti wa kompyuta, akamvutia kiti. "Haya, nifundishe hivyo violezo vyako."

Alishika upesi kuliko wote walivyodhani. Alipenda kwamba maneno yasiyobadilika yanafungwa, hakuna wa kuyachezea; kwamba jina ukiliandika juu linajiandika lenyewe kila mahali linapotakiwa; kwamba kila ukifungua kiolezo unapewa nakala, chenyewe kinabaki safi. Zaidi ya yote alipenda kuwa ukiacha nafasi wazi, programu inakataa kuchapisha.

"Inagoma!" alinisimulia akipiga makofi. "Inagoma kama punda!"

Barua ya likizo, ya onyo, ya usaili, zote zikapata violezo vyake. Ikafika zamu ya rambirambi. Binti alikuwa ameshaiandaa: orodha ya kuchagua baba, mama, mume, mke au mtoto, na chini yake aya mbili za masikitiko. Shangazi akaitazama orodha ile kitambo.

"Futa. Na hizo aya pia."

"Zote, mama? Sasa utakuwa unaandika nini?"

"Nitakuwa nauliza."

Kikabaki kichwa cha barua, tarehe, jina, mahali pa sahihi, na katikati nafasi moja kubwa ya njano iliyoandikwa: Zungumza na mfiwa kwanza.

Akaenda karakana kwa miguu yake, akamwomba mwalimu radhi. Mwalimu akampangusia benchi, wakakaa. Akamweleza kuwa mama yake hakuwahi kumsifu hata siku moja. Alichofanya ni kukalia kila kigoda alichotengeneza mwanawe, akijitikisa huku na huku, na kikilia kidogo tu, anamrudishia. Hayo ndiyo yaliyoingia kwenye barua, na safari hii mkuu wa chuo aliisoma yote.

Mwalimu alikuja kuichukua, akaisoma amesimama, akairudia.

"Nitolee nakala nyingine, nimpelekee dada yangu."

Shangazi alikuwa ameshaweka kidole kwenye kitufe. Akakiondoa.

"Dada yako naye alitengeneza vigoda?"

"Hapana, yeye mshonaji."

"Basi nipe namba yake ya simu," akasema, akivuta karatasi na kalamu.