Hapana za Embret

Embret Sømåen hakuwahi kukubali kitu mara ya kwanza maishani mwake. Hata siku ya kubatizwa, nadhani, padri alimbembeleza.

Si kwamba sisi wengine hatuna adabu hiyo. Huku kwetu Røros, mji wa milimani kaskazini, ukikaribishwa kahawa unasema hapana, ahsante. Ukikaribishwa tena unasema, ah, usijisumbue. Mara ya tatu unavuta kiti, unakunywa mpaka birika linakauka, na mwenye nyumba anafurahi. Mtoto wa shule anajua. Lakini Embret alizidi. Mwaka mmoja alikuwa anakuja kwa miguu kutoka upande wa ziwani, theluji inamwagika, gari likasimama. Dereva alikuwa kijana wa kusini, kutoka mji mkuu. "Panda, mzee, nikupeleke." Embret akasema hapana, ahsante. Yule kijana akasema haya, akapandisha kioo, akaenda zake. Embret alifika kwetu jioni, nyusi na masharubu vimeganda barafu. Nikamwuliza, mbona hukupanda? Akasema, "Ningepanda. Ila yule kijana alikuwa na haraka."

Jamani, umfanye nini mtu kama huyo? Mimi nilimpenda tu.

Alikuwa mwendesha sleji, lile gari lisilo na magurudumu linalovutwa na farasi juu ya theluji. Kila Februari, wakati wa gulio letu, baridi ikiwa kali mpaka ukivuta pumzi pua inashikana ndani, msafara wa farasi unatoka misituni, unakata ziwa lililoganda, unaingia mjini kwa kishindo cha njuga. Babu zao hao waendeshaji walikuja hivyo hivyo na ngozi na siagi za kuuza. Kila ua hapa mjini una waendeshaji wake, na huwezi kumpokonya mwenzio wageni. Ua wetu ulikuwa na ukoo wa akina Embret: babu yake alilala kwetu, baba yake alilala kwetu, naye akaja tangu hana ndevu. Nyumba kubwa ya ua huo ilikuwa ya kaka yangu Peder. Peder alipofariki ikabaki kwa mkewe, Oddny, wifi yangu. Mimi naishi ng'ambo ya ua, mlango unatazamana na mlango.

Mwaka aliokufa Peder, Embret alisikia habari kiangazi, si wakati wake wa kuja. Akaja. Alileta mzigo wa kuni za mti wa mbetula, akazipanga ukutani ua mzima, nadhifu mno, kisha akaondoka bila kuingia ndani. Kwa nini? Kwa sababu Oddny alimkaribisha mara moja tu, akiwa na kilio chake, hakuwa na nguvu ya kukaribisha tena. Nilimwona Embret akivuka geti, kofia mkononi, na namsikitikia mpaka leo.

Basi miaka ikaenda. Oddny akawa anaanza kuoka mikate bapa tangu Januari, eti gulio linakaribia. Gulio ni mwisho wa Februari! Embret akawa analeta samaki wa ziwani waliokwisha safishwa, magamba hakuna hata moja, wamefungwa kwenye kitambaa kipya. Jioni wakikaa jikoni wanazungumza habari za miguu ya farasi. Miguu ya farasi, kuanzia mchuzi mpaka kahawa! Mimi nakaa hapo namenya viazi, nacheka moyoni. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, na hawa wawili walikuwa wanakohoa nyumba nzima inatikisika.

Mwaka huu Embret alishuka kwenye sleji akishika ubavu wa farasi. Magoti yamekwisha. Tulipokaa mezani akatuambia: hii ndiyo safari ya mwisho. Shamba kamwachia mpwa wake, mpwa ana mke na watoto, na yeye atakaa kwenye kile chumba kidogo cha nyuma. "Kinatosha," akasema. Oddny akainuka kutazama sufuria ambayo haikuwa na haja ya kutazamwa.

Ijumaa, siku moja kabla msafara haujarudi, tulikuwa watatu jikoni. Oddny alikuwa anaosha vyombo. Bila kugeuka akasema, "Embret. Chumba cha juu kipo tu. Banda la farasi lipo. Ungebaki."

Kisu changu kikasimama kwenye kiazi.

Embret akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema, "Hapana, ahsante."

"Haya," akasema Oddny, akaendelea kusugua sahani.

Embret akasubiri. Kofia anaizungusha mkononi. Akaitazama shingo ya Oddny, akanitazama mimi, akaitazama tena ile shingo. Sahani ikaoshwa, ikafutwa, ikawekwa kabatini. Mwisho akasema usiku mwema, akaenda bandani kwa farasi wake.

Mlango ulipofungwa nikaruka. "Wifi, una wazimu? Mwulize tena!"

"Nimeuliza. Kasema hapana."

"Hiyo ni hapana ya kahawa!"

"Hii si kahawa, Magnhild." Akageuka, macho yamejaa. "Kahawa ningemkaribisha mara kumi. Mwanamume hashindiliwi mke kama anavyoshindiliwa keki. Jambo kama hili mtu anajibu kwa moyo, hajibu kwa mazoea."

"Yule hana kingine ila mazoea!"

"Basi abaki nayo." Akakaa chini. Kisha akasema polepole, "Na wewe ulikuwa umekaa hapo. Dada yake Peder. Unadhani ilikuwa rahisi kutamka vile mbele yako?"

Loh! Hilo sikulitegemea. Mimi kila siku nimekuwa nikiwacheka moyoni, nikidhani anajua naridhia, kumbe hajui. Nilitaka kumwambia naridhia, lakini haikuwa rahisi, maana kaka yangu nilimpenda na bado nampenda. Nikaokota viazi vyangu nikaenda kwangu.

Asubuhi nikamfuata Embret bandani. Alikuwa anamvika farasi hatamu.

"Wewe mzee," nikamwambia, "unaondoka kweli?"

"Naondoka."

"Na jana hukusikia ulivyoambiwa?"

"Nilisikia." Akafunga mkanda, akaufungua, akaufunga tena. "Aliniuliza mara moja tu, Magnhild. Mara moja ni adabu. Alinionea huruma, magoti haya. Mtu akikutaka kweli anauliza tena."

"Basi mwambie wewe!"

Akanitazama kana kwamba nimemwambia akaibe kanisani. "Nijikaribishe mwenyewe nyumbani kwa mtu?"

"Mficha uchi hazai, Embret!"

"Mimi kuzaa kumeshapita," akasema, na sijui kama alikuwa anatania. Akapanda sleji. Njuga zikaanza kulia ua mpaka ua, msafara unajipanga, wageni wa mjini wamejaa barabarani na kamera zao.

Nilikimbia mpaka jikoni kwa Oddny, na mimi si mtu wa kukimbia. Alikuwa amesimama dirishani na aproni yake.

"Kasemaje?" akaniuliza kabla sijafunga mlango. Mtu ambaye hajali, hayo ndiyo yake!

"Kasema ulimwonea huruma. Kasema mtu akikutaka anauliza tena."

"Huruma?" akasema Oddny. "Huruma!"

Akatoka. Bila koti, bila kofia, na ndara za ndani miguuni, kwenye baridi ile ya kuua ng'ombe. Mimi nyuma yake nimebeba shali, nateleza, namwita, hasikii. Msafara ulikuwa umekwisha lipita kanisa, unateremka. Oddny akasimama katikati ya barabara, mbele ya mji mzima, akapiga ukelele.

"Embret! Baki!"

Sleji ikasimama. Za nyuma yake nazo zikasimama, mmoja akatukana. Embret akageuka taratibu. Akamtazama.

"Ah," akasema, "nisingependa kukusumbua."

Toba! Ningekuwa na jiwe ningemrushia.

Oddny alikuwa anatetemeka mwili mzima. "Nauliza mara ya tatu," akasema, "na ya nne hutaisikia. Umenisumbua miaka yote hiyo kwa kuondoka. Baki."

Embret akashuka. Alishuka vibaya, goti likamkataa, akashika sleji, akaja anachechemea. Akalivua koti lake la manyoya akamfunika nalo. Akafungua mdomo kusema, machozi yakatangulia, yakaganda palepale kwenye masharubu. "Nilidhani hutauliza tena," akasema.

"Nami nilidhani hunitaki."

"Mimi? Nisikutake?"

Wakasimama hivyo, wazee wawili na koti moja, na nyuma yao njia imeziba, farasi wanapiga kwato. Kisha Oddny akanikumbuka. Akageuza uso, akanitazama mimi dada yake Peder niliyesimama na shali mkononi, nikaona furaha inamwondoka usoni. Alikuwa ananiogopa. Miaka yote hiyo, mlango kwa mlango, ananiogopa mimi.

Nikaenda mpaka kwa farasi, nikashika hatamu.

"Mimi nitamrudisha huyu bandani," nikasema. "Wewe mpeleke mkeo ndani, shemeji, kabla hajaganda."

"Umesemaje, wifi?" Oddny akauliza.

"Nimesema shemeji. Haya, ingieni, mnaziba barabara."