Nilimcheka Bibi wa Kiatu Kimoja

Nimekosa. Naanza na hilo kabla sijaanza kujitetea, maana kwa kujitetea najulikana kuanzia Kabasa mpaka stendi ya Bunda. Nimekosa, na wala sikuiba, sikupiga mtu. Nilitoa maoni tu. Maoni ya filamu!

Usicheke. Au cheka kwanza, umalize, halafu unisikilize.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Bunda. Nyumbani ni Butiama, ila nakaa kwa shangazi yangu, Kabasa. Shuleni wananiita Mhakiki. Jina hilo nilipewa na wenzangu, nikalipokea kwa unyenyekevu mkubwa siku ileile niliyolipendekeza.

Kazi ya Mhakiki ni moja. Kila Jumatatu anabandika kwenye gazeti la ukutani, pale nje ya darasa letu, maoni yake juu ya video aliyoiona Jumamosi au Jumapili. Mwalimu wa Kiswahili aliruhusu akidhani nakuza lugha. Masikini mwalimu!

Ile ya karate niliandika: "Mtu mmoja anapiga watu arobaini. Akimpiga wa kwanza, wale thelathini na tisa wanasubiri zamu kwa adabu, kama ile foleni ya sukari anayotusimuliaga mama." Ile ya Kihindi: "Shujaa kapigwa risasi tatu, akaimba beti sita, akazunguka mti, ndipo akafa. Kwetu mtu akishikwa na malaria hata neno maji halimtoki."

Watu walikuwa wanakufa kwa kucheka! Wasio na kiingilio walizijua filamu zote kupitia mdomo wangu. Wenye kiingilio nao walikuja kuniuliza kwanza: "Mhakiki, twende au tusiende?" Na mimi nakunja uso kama daktari wa wilaya, natoa hukumu.

Video zenyewe tulikuwaga tunaziona kwa Baba Wambura. Huyu mzee alikuwa fundi kiwandani Musoma mpaka walipopunguzwa. Wenzake walinunua ng'ombe kwa kiinua mgongo. Yeye akasema siku hizi biashara ni ruksa, akanunua televisheni, deki na jenereta, akapanga mabenchi kwenye chumba kimoja Kabasa, akaziba madirisha kwa magunia. Kiingilio cha kibanda kile ndicho kilichokuwa kinamsomesha mwanaye Wambura, maana ada nayo sasa hivi haina mchezo, usipolipa unarudishwa nyumbani.

Wambura alikuwa anakaa dawati moja na mimi. (Jina lake si hilo. Nimembadilishia, angalau hilo nimheshimu.)

Tena si dawati tu. Tulitoka jando pamoja Desemba ile, yeye amesimama mbele yangu kwenye mstari. Ya huko hayasimuliwi, na sitayasimulia. Nitasema hivi tu: kwetu, anayekunja uso siku ile anachekwa mpaka kwa wajukuu zake. Hatukukunja. Na mliosimama pamoja hamwanikani aibu, ndivyo ilivyo. Kumbuka hilo, utalihitaji mbele.

Sasa. Baba Wambura akaenda Mwanza akarudi na kanda mpya ya kutisha. Aliuza mbuzi ili aipate. Akaandika tangazo kwa mkono, akalibandika sokoni: WENYE MOYO MDOGO WASIJE. Akatuambia, "Hii moja tu nikiionesha mwezi mzima, Wambura hana wasiwasi wa ada tena."

Jumamosi mchana, siku chache kabla ya kuwafungulia watu, akataka kuijaribu. Watazamaji tukawa wawili, mimi na Wambura. Mzee akabaki nje kulishika jenereta lake, ambalo linapiga kelele kama nalo limepunguzwa kazi.

Filamu ilikuwa ya bibi mmoja wa Kizungu. Ameanguka ngazini, amekufa, wamemzika. Lakini anarudi nyumbani kwake kutafuta kiatu chake kimoja. Mguu mmoja una kiatu, mmoja mtupu. Humwoni. Unamsikia tu anatembea darini. Ko... fyu. Ko... fyu.

Mwanzoni nilikuwa natoa maoni kama kawaida yangu. "Nyumba ina vyumba kumi na viwili, kwa nini wasihamie cha mbali? Sisi akionekana nyoka tu jikoni, ukoo mzima unahamia kwa baba mkubwa!" Wambura akanifinya ninyamaze.

Kijana wa nyumba ile akalala kifudifudi achungulie uvunguni mwa kitanda. Upande wa pili wa kitanda, taratibu, ukatua mguu mtupu. Fyu.

Haki ya Mungu sikumbuki niliamua saa ngapi. Nilijikuta nimevuta sweta la shule limefunika kichwa, nimepiga magoti chini ya benchi, na kuna sauti nyembamba inaita, "Mama! Mama wee!" Nikamwonea huruma mtu yule. Kumbe ni mimi!

Filamu yote iliyobaki niliiona kupitia sweta la kijani. Yaani niliona sweta.

"Imeisha," Wambura akasema. "Toka, mura." Ndivyo vijana wa kwetu tunavyoitana.

Hakucheka. Hakuniuliza kitu. Alinipangusa vumbi magotini, tukatoka nje kwenye jua.

Baba yake akaja mbio na mikono ya mafuta. "Haya, vijana! Itatisha watu?" Alinitazama mimi, siyo mwanaye. Mimi ndiye Mhakiki.

"Ya kawaida tu, mzee," nikasema. "Kidogo nilale."

Nilikiona kile kicheko chake kikirudi ndani. Nilikiona kabisa, ndugu yangu!

Sasa ngoja nikueleze akili yangu ilivyofanya kazi, ili ujue elimu ya sekondari inamsaidiaje mtu. Niliwaza: Wambura anajua nimelia. Mwanaume mzima niliyesimama bila kupepesa mbele ya kisu, nimeita mama kwa sababu ya mguu ndani ya televisheni! Akisema, nimekwisha. Dawa ni moja. Niifanye filamu iwe kichekesho kwanza, ili akisema nililia, asiaminiwe. Nani analilia kichekesho?

Jumatatu nikabandika: "Bibi wa Kizungu amevaa kiatu kimoja, anatembea darini ko-fyu, ko-fyu, kama anayechelewa kliniki. Badala ya kuuliza wenyeji kwa upole kiatu kiko wapi, anajificha nyuma ya kitanda. Mwisho wake sitausimulia, ni kupoteza mate. Mpeni bibi kandambili tumalize kesi hii."

Shule ikapasuka! Mapumziko nikaigiza mwendo wa bibi kuanzia darasani mpaka bombani. Nyangeta, yule msichana anayekaa mbele yetu na ambaye haamini kitu mpaka kiwe na ushahidi, akanikazia macho.

"Wewe kweli hukuogopa? Wambura, si ulikuwepo? Huyu hakuogopa?"

Wote wakageuka.

Wambura akanitazama. Angeweza. Neno moja tu lingetosha, na kibanda cha baba yake kingejaa mpaka dirishani, maana filamu iliyomliza Mhakiki nani angekubali aikose?

"Huyu?" akasema. "Hakupepesa jicho."

Unadhani niliaibika? Niliinama kama msanii anayeshukuru mashabiki.

Ijumaa akanifuata nyuma ya maktaba. Peke yake.

"Ndugu yangu, Jumatatu andika hata kwamba ni nzuri kidogo. Watu hawaji. Mzee haongei nyumbani."

Na mimi nikamjibu, kwa mdomo huu huu ninaolia chakula cha shangazi: "Mhakiki hanunuliwi, mura."

Sikia jeuri hiyo! Hanunuliwi! Hata hakuwa ananinunua.

Jumapili baada ya misa walikuja watu wanne. Mimi nilikuwa dirishani nje, nimesogeza gunia kidogo, nikichungulia watazamaji na siyo filamu. Kwenye filamu ko ikasikika darini, mmoja akapiga kelele, "Bibi, kliniki imefungwa!" Wakaangua kicheko mpaka benchi likaanguka. Baba Wambura alikuwa amesimama mlangoni. Alijaribu kucheka nao.

Nilijifunza siku ile kitu ambacho mhakiki anatakiwa kukijua mapema: filamu ya kutisha ikishachekwa, imekufa. Haifufuki. Ya karate ukiicheka watu wanaenda wakacheke zaidi. Ya kutisha haina njia. Watoto wa Kabasa wakawa wanatembea mtaa mzima na ndala moja, ko-fyu, ko-fyu. Hata Baba Wambura akipita kwenda sokoni, wanamfuata nyuma hivyo hivyo. Mzee anaongeza mwendo, nao wanaongeza.

Muhula haujaisha, televisheni ikapakiwa kwenye gari kwenda Musoma, kwa mtu mwenye baa. Deki ikafuata. Jenereta nalo likaondoka, kimya kwa mara ya kwanza.

Muhula mpya ulipofunguliwa nikakaa dawati peke yangu. Mwalimu akaita majina, akafika kwa Wambura, akangoja kidogo, akapiga mstari.

"Yuko Murangi, kwa mjomba wake," Nyangeta akasema. "Anavua."

Wambura ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani kwa hesabu. Mimi nilikuwa wa thelathini na nne, ila kwa kuchekesha nilikuwa wa kwanza. Basi nani alibaki shuleni? Wa kuchekesha!

Sikubandika tena kitu. Nilisema nimechoka na umaarufu. Na shangazi yangu, Mungu ambariki, ndala yake moja ikakatika mkanda, akakataa kununua nyingine. Mchana kweupe namsikia uani. Ko... fyu. Naweka sahani chini, nachungulia mlangoni.

Likizo fupi nikiwa nyumbani Butiama, nikadanganya naenda Musoma kununua daftari. Nikafika Musoma, nikadandia gari la samaki linalorudi tupu, mpaka Murangi. Njia nzima nilikuwa nakariri maneno mawili. Nisamehe, mura. Hayo tu. Mimi ninayejua kuandika ukurasa mzima juu ya soksi za jambazi!

Nilimkuta ufukweni, saa sita mchana. Amekonda, mikono imechanika kwa nyavu. Anashona wavu uliotobolewa, na wenzake watatu, na akina mama wanaogeuza dagaa pale mchangani. Na anasimulia. Mguu mmoja ana ndala, mmoja mtupu.

Nikasimama nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa. Alikuwa amefika mwishoni.

"Basi kijana akaacha kukimbia," alisema. "Akakaa ngazini. Maana ni yeye alikificha kile kiatu, siku ileile bibi alipoanguka. Alikificha kwa utani tu. Bibi akashuka akikitafuta, na mguu mmoja, akateleza. Akafa. Hakuna aliyejua. Miaka yote hiyo alikuwa anasema hajui. Sasa anamsikia anakuja nyuma yake. Ko... fyu. Ko... fyu. Akasema, bila kugeuka: bibi, ni mimi nilikificha."

Hakuna dagaa aliyegeuzwa. Mama mmoja ameshika ufagio hewani.

"Halafu akamla?" akauliza.

"Hapana, mama. Alikuwa haji kumla. Alikaa pale ngazini karibu yake, akapokea kiatu chake, akakivaa, akafunga kamba vizuri. Akatoka mlangoni kama mgeni aliyeaga. Na mlango akaufunga."

Yule mama akavuta pumzi. "Uwii! Yaani alikuwa anangoja aambiwe tu!"

Huo ndio mwisho niliowaambia watu ni kupoteza mate. Niliusikia kwa mara ya kwanza nimejificha nyuma ya mtumbwi.

Kisha Wambura akaniona. Akaacha wavu, akacheka, akanishika bega akanisogeza mbele ya watu.

"Huyu hapa! Huyu ndiye niliyeiona naye. Mimi roho ilikuwa mkononi, lakini huyu hakupepesa jicho!"

"Kweli, mwanangu?" yule mama akaniuliza. "Hukuogopa hata kidogo?"

Swali lake lilinipa nafasi. Wote waliniangalia. Maneno yangu mawili nilikuwa nayo hapa, kwenye ulimi.

"Kweli, mama," nikasema.

Kisha nikaomba maji. Nikala ugali wao na sato, nikapakiwa furushi la dagaa kwa ajili ya shangazi, na Wambura akanisindikiza mpaka barabarani akiniuliza hesabu wamefika wapi. Nikapanda gari, nikarudi na maneno yangu mawili kama nilivyokwenda nayo.

Ndiyo maana nakuandikia wewe usiyenijua. Gazeti hili hufika Murangi limechelewa, limefungiwa sukari au chumvi, lakini hufika.

Nanyi mnaojua kuchekesha, ogopeni! Mkiona mnacheka sana kitu, jiulizeni ni nini mnachokiogopa ndani yake. Ukitishwa, piga kelele, lia, ita mama yako, mlipe mwenye kibanda haki yake. Na ukiwa na rafiki anayekufichia aibu, usimwache aibebe mpaka imzamishe. Ukipewa nafasi ya kusema, sema hapohapo. Usiombe maji kama mimi.

Nilikuwa chini ya benchi, wasomaji. Na sweta kichwani. Niliita mama, tena mara mbili. Filamu ilikuwa nzuri, ilikuwa ya kutisha kuliko zote zilizowahi kuoneshwa Bunda.

Mura, ni mimi nilikificha.