Sahani ya Mtoto wa Kanada

Sahani tupu mezani mimi siivumilii. Kwetu, mtu akiwa safarini anawekewa chakula chake, kinafunikwa, kinamngoja. Sahani tupu unamwekea nani, adui?

Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, hapa Bordesley Green, mtaa wa Birmingham, kulikuwa na mzee mmoja wa mtaa jirani wa Saltley ambaye kila Jumapili alitaka sahani ya pili mbele yake, isiyo na kitu. Wenzangu walimpa bila kuuliza. Jumapili ya kwanza niliyomhudumia mimi, niliona aibu. Nikaijaza viazi, nyama na mchuzi, nikaifunika vizuri.

Mzee akaifunua. Akaniangalia.

"Amekuja?"

Nikamjibu ndiyo, mzee, amekuja. Ndivyo tunavyowajibu wale ambao akili zimewachoka.

Jioni binti yake alinieleza. Mzee alilelewa na bibi yake, na bibi huyo alikuwa na mdogo wake wa kiume. Zama hizo wafadhili walikuwa wakiwakusanya watoto wa maskini wa Birmingham, wanawalipia nauli ya meli, wanawapeleka Kanada kufanya kazi mashambani. Mama wa mtoto aliambiwa kijana wake anaenda kushiba. Mtoto hakusikika tena. Bibi akawa anamwekea sahani kila Jumapili, na haikutiwa chakula kamwe, kwa sababu ingetiwa siku atakayorudi.

Tangu siku hiyo mzee aligoma kula. "Mtoto kwanza," alisema. "Ametoka mbali." Nilijaribu kurudisha sahani tupu, akauliza ni nani aliyemnyang'anya mtoto chakula. Tulijaribu uji, tukajaribu supu. Binti alileta keki kutoka Moseley, akarudi nayo. Daktari alisema tusimlazimishe. Mashavu yalimwingia ndani, na suruali zake nikawa nazifunga kwa kamba.

"Si ungeacha tu plate ya watu vile ilikuwa?" Mkenya mwenzangu aliniambia koridoni. Nilimkasirikia siku nzima, hasa kwa kuwa alisema kweli. Nilichokuwa nacho ni huruma na mwiko wa kupakulia, na vyote viwili vilikuwa vimeshafanya kazi yake.

Jumapili iliyofuata nikavuta kiti, nikaketi mahali pa yule mtoto, nikaanza kula. Nilidhani akiona mtoto ameshakula, naye atakula. Alinitazama nikitafuna.

"Huko walikulisha?" akauliza.

Nilitaka kusema ndiyo. Nilimfikiria yule mtoto kwenye shamba la watu, nikashindwa kumsemea uongo wa pili.

Mzee akangoja jibu, kisha akaishika sahani yake kwa mikono miwili, akaisukuma mpaka kwangu.

"Basi kula na hii, mwanangu."

Nikala yote, machozi yakinitoka, kwa kuwa alikuwa ananitazama.