Namba ya Nyamizi

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba huko Maswa. Nilikuwa binti niliyetoka Ipililo, sijawahi kugusa kompyuta. Mkuu wa Mitambo aliniketisha mbele ya skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani, akaniambia niandike jina langu. Nikaandika, nikamtazama.

"Jina hilo ni kwa faida yetu sisi," akasema. "Mashine haikujui kwa jina, inakujua kwa namba. Ukielewa hapo, mengine utajifunza."

Kiwandani nilikaa miaka saba, nikapelekwa chuo Mwanza, na niliporudi niliajiriwa hospitalini Bariadi kama msimamizi wa mifumo. Hospitali yenyewe sitaitaja. Humo ndimo nilimofanyia kazi mpaka nikastaafu, na humo ndimo yalimotokea haya ninayowaandikia ninyi vijana mnaoingia kwenye fani hii.

Kwanza muelewe kazi yenyewe. Ndani ya seva kuna programu zinazofanya kazi kimyakimya, hazina dirisha wala kitufe. Kwa Kiingereza zinaitwa "dimoni", neno ambalo nilijifunza kutolitaja mbele ya wauguzi, maana linasikika kama la pepo. Moja kati ya hizo ni huduma ya utambulisho. Muuguzi akiandika ripoti ya zamu, faili linahifadhiwa na namba yake tu. Mtu mwingine akilifungua, mashine inaiuliza huduma ile: namba hii ni ya nani? Huduma inaenda kuuliza kwenye saraka kuu, daftari la watumishi wote, ambalo kwetu lilikuwa mji mwingine. Ili isisafiri kila mara, inaweka majibu karibu nayo. Akiba hiyo ndiyo tunayoita kashe. Na ilikuwa na akiba ya pili, ya dharura, ya kutumia mtandao ukikatika.

Siku moja saa saba mchana, Metroni, mkuu wa wauguzi, aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi. Alikuwa mama mtu mzima, mtulivu, lakini siku hiyo alinishika mkono akaniinua kitini.

"Njoo wodi ya wazazi," akasema. "Usiulize, njoo uone."

Kwenye skrini ya wodi kulikuwa na ripoti ya asubuhi hiyo hiyo. Mama wa kitanda cha nne amejifungua salama. Mtoto analia vizuri. Chini yake: imeandikwa na Nyamizi.

Nyamizi alikuwa muuguzi wa wodi ile kwa miaka minane. Tulikuwa tumemzika Lagangabilili miezi mitatu nyuma. Mimi mwenyewe nilitupa udongo kaburini.

Niliirudia skrini mara mbili. Wauguzi walikuwa wamesimama ukutani, na hata wale kina mama vitandani walikuwa wamegeuzia macho kule kwenye kompyuta bila kujua ni kitu gani. Nje jua lilikuwa kali na mabati yanalia kwa joto. Nilifungua ripoti ya jana yake, ya Kwandu, muuguzi mpya: nayo imeandikwa na Nyamizi. Metroni akasema saa sita zote mbili zilikuwa na jina la Kwandu. Ilipofika saa saba: Nyamizi.

Nikaizima huduma na kuiwasha upya. Jina likabadilika kuwa Kwandu, watu wakashusha pumzi. Kesho yake, saa saba na dakika chache, Nyamizi akarudi. Na kesho kutwa. Ikafika mahali wauguzi hawataki kukaa kwenye kile kiti ikifika mchana. Mmoja alianza kumwaga maji ya baraka kwenye kibodi, nikamzuia kwa kuhofia umeme.

Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali, hakuamini mizimu. Aliamini Kwandu anatumia nywila ya marehemu. Alituita mimi na Kwandu.

"Binti, umeipata wapi nywila ya Nyamizi?"

"Daktari, sina. Naingia kwa jina langu," Kwandu akajibu, machozi yanamtoka. "Jina langu silioni mwenyewe likibadilika. Naambiwa tu."

"Mpaka Ijumaa," daktari akaniambia mimi. "Ukishindwa kunieleza, namsimamisha kazi."

Jumatano mchana nilimkuta mwanaume amekaa kwenye benchi mlangoni kwangu, kofia mkononi. Alikuwa mume wa Nyamizi, mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa amekuja kwa bodaboda kutoka Lagangabilili.

"Mwadila, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma, akiniita mama.

"Mwadila, Mwalimu. Karibu ndani."

Hakuingia. "Nimesikia mama watoto anaandika huku," akasema. Nilitegemea atauliza kama ni kweli. Hakuuliza hivyo. Aliuliza, "Anaandika nini?"

Nilimshika mkono nikamwingiza ndani. Nilimfungulia ripoti ya siku hiyo. Akaisoma akifuata mstari kwa kidole, midomo inacheza. "Ndivyo anavyoandika," akasema. "Mtoto analia vizuri. Ndiye huyo."

Ilinibidi nimwambie. "Mwalimu, maneno hayo ni ya binti anayeitwa Kwandu. Alifundishwa kazi na wauguzi waliofundishwa na mke wako, ndiyo maana yanafanana. Mashine ndiyo inakosea jina."

Akaigeuza kofia mkononi. "Basi nitafutie za kwake mwenyewe," akasema. "Hata moja tu." Nikamwahidi.

Jioni ile niligundua jambo la kwanza. Nyamizi alipofariki, akaunti yake ilifutwa, na namba yake ikapewa mtu aliyefuata kuajiriwa. Aliyefuata alikuwa Kwandu. Wote wawili walikuwa 2114.

Lakini kwa nini saa saba? Alhamisi nilikaa nikiitazama kumbukumbu ya mashine mstari kwa mstari. Ikifika saa saba, kifaa cha mtandao kilichofungwa chini ya mabati kilizidiwa na joto na laini ikakatika. Hapo huduma ikageukia akiba ya dharura. Humo ndani Kwandu alikuwepo, na Nyamizi alikuwepo pia, hakuna aliyemtoa. Ukiuliza kwa jina, unapata sahihi. Ukiuliza kwa namba, huduma inachukua wa kwanza inayemkuta, na wa kwanza alikuwa Nyamizi. Siku ile ya kwanza jina lilirudi kwa sababu laini ilikuwa imerudi; kuwasha upya hakukusaidia kitu, maana akiba hiyo iko kwenye diski, haifutiki.

Nilifungua msimbo wa programu yenyewe, maana ni ya aina ambayo kila mtu anaruhusiwa kuisoma. Kosa lilikuwa dogo: ilipomhifadhi mtu mpya, haikuangalia kama namba yake tayari ina mwenyewe. Niliandika mistari kumi na mmoja. Kabla ya kuhifadhi, tafuta mwenye namba hii, kama ni mwingine, mwondoe. Ijumaa asubuhi nikaijaribu, nikaiweka. Saa saba laini ikakatika kama kawaida. Jina likabaki Kwandu. Metroni akanikumbatia.

Nikaenda kumtafutia Mwalimu ripoti yake. Nikaandika Nyamizi. Mashine ikanijibu kwamba hakuna mtumishi wa jina hilo. Nikatafuta kwa miaka, mwaka kwa mwaka. Ripoti zilikuwepo zote, maelfu, na chini ya kila moja: imeandikwa na Kwandu.

Nilimwita Kwandu. Alisoma mbili tatu, akaanza kurudi nyuma na kiti.

"Mama, hii si yangu. Mwaka huu nilikuwa kidato cha pili, Mwamapalala." Akafungua nyingine, ya miezi mitatu nyuma. Akaisoma kwa sauti ndogo. "Hapa ninasema kesho sitafika, najisikia vibaya." Akanitazama. "Mama, hapa ninasema mimi?"

Akiba ile ndipo pekee alipokuwa amebaki, nami nilimwondoa. Mashine ilikuwa imenyooka, haikuwa na kosa hata moja, na kwake Nyamizi hakuwahi kuwepo.

Nilimpelekea Mganga Mfawidhi mapendekezo: Kwandu apewe namba mpya, na 2114 irudi kwa Nyamizi.

"Marehemu hana haja ya akaunti," akasema.

"Akaunti nitaifunga, Daktari. Hakuna atakayeingia nayo. Lakini namba naomba abaki nayo, na asipewe mtu mwingine tena."

Nikamwekea mbele ile ripoti yenye jina la Kwandu, ya mwaka aliokuwa kidato cha pili. Akaisoma, akavua miwani. "Fanya," akasema. "Na binti mwambie namwomba radhi." Nilimwambia aende amwombe mwenyewe, na alienda.

Ilinichukua wiki mbili kutenganisha mafaili kwa tarehe za ajira. Ripoti kumi na moja za mwisho za Nyamizi, zilizokaribia tarehe ya Kwandu kuajiriwa, nilizihakiki na Kwandu pembeni, moja baada ya nyingine. Kisha nikampigia Mwalimu.

Alikuja na kusoma ile ya mwisho. Kitanda cha sita apimwe shinikizo la damu kila saa. Mimi kesho sitafika, najisikia vibaya. Chini yake, jina la mke wake.

"Sisi nyumbani alituambia ni uchovu tu," akasema. Akaomba nimchapie karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya kofia, akaivaa.

Ile mistari yangu niliituma kwa wenye programu, wakaipokea na kuiweka kwa wote. Nilihudumu miaka mingine sita. Ninyi mnaonifuata nawaomba jambo moja: msikimbilie kufuta. Kabla ya kuondoa jibu la zamani, ulizeni ni nani alikuwa analitegemea.

Siku ya kuagwa, Kwandu, ambaye sasa ndiye msimamizi wa wodi, alinisindikiza mpaka getini.

"Mama, mimi mpaka leo nikimaliza ripoti huwa sifungi kwanza," akaniambia. "Nasubiri lile jina la chini litokee."

"Bado unaogopa?"

"Siogopi." Akafikiri kidogo. "Ila siku moja nilijikuta nimetamani liwe la kwake."