Gurudumu la Tatu Kushoto

Baba mkwe wangu alikuwa mwizi, na aliyeibiwa ni mimi. Mimi ni fundi cherehani. Sindano zangu, vifungo vyangu, hata vile vishikizo vya sketi, vyote viliishia mezani kwake, vikageuka taa na vipini vya milango ya vichwa vya treni vyenye urefu wa kiganja. Ukimuuliza, anakwambia ameazima. Tangu aanze kuazima sijarudishiwa hata kifungo kimoja.

Miaka thelathini na moja alikuwa mkaguzi wa magurudumu kwenye karakana ya reli. Alipita na nyundo yake, akagonga, akasikiliza. Gurudumu zima hulia, alisema, lenye ufa hukohoa. Akishasema zima, dereva anapanda bila kuuliza la pili. Alipostaafu alihamia chumba cha nyuma na makopo ya maziwa, mkasi wa bati na chuma cha kulehemu, akaanza kuvitengeneza kwa bati vichwa vyote vya treni alivyowahi kuvigonga. Kila kimoja alikitengeneza kama kilivyokuwa siku ya mwisho alipokiona: bampa lililopinda, taa ya kulia isiyofanana na ya kushoto, kiraka cha rangi pale lori lilipogonga. Madereva wazee walikuja kuchukua vyao, wakavigeuzageuza na kucheka. Mmoja alilia kabisa, eti mkwaruzo ule aliuweka mwenyewe siku aliyozaliwa kifungua mimba wake.

Namba Kumi na Nne ndicho kichwa alichokuwa bado akiendesha mume wangu. Vingine Baba alivimaliza kwa wiki moja, hiki alikaa nacho mwezi na nusu, na alikifunika kitambaa kila nilipoingia. Nikadhani anamwandalia mwanawe zawadi. Nikamtania kwamba ana mimba anaificha. Hakucheka, na Baba ni mtu wa kucheka.

Asubuhi hiyo macho yalimsumbua, akaniita nimwandikie namba ubavuni. Nilipokigeuza ili nipake rangi nyeusi chini, nikaona kwenye gurudumu la tatu kushoto mstari mwembamba kama unywele, umechorwa kwa sindano kutoka ukingoni kwenda katikati. Mimi nimelelewa kwa usipoziba ufa utajenga ukuta, nikachovya brashi nizibe.

"Usiguse hapo," akasema.

Nikamwambia bati limepasuka. Akasema halijapasuka, ndivyo lilivyo. Kisha akaiangalia mikono yake, na hapo nikaelewa kwamba ufa ule ni wa gurudumu la kweli. Nikaweka brashi chini, nikakaa juu ya ndoo.

Akanieleza bila kunitazama. Wiki yake ya mwisho kazini, miezi mitatu nyuma, aliligonga gurudumu hilo, likakohoa. Msimamizi akamsihi: kichwa kingine hakuna, abiria wamejaa stesheni, baada ya siku tatu tu gurudumu litabadilishwa. Baba, ambaye hakuwahi kusaini uongo, akasaini. Jioni mwanawe akamuuliza kama amekipima, akajibu amekipima. Kama gurudumu lilibadilishwa kweli, hajui. Hakuthubutu kuuliza, maana kuuliza ni kukiri. Miezi mitatu alikula meza moja na mwanawe, akamtakia safari njema kila asubuhi, na ukweli akaliambia kopo la maziwa. Nilimchukia wakati ule, nasema wazi. Nilimchukia na bado nikamwita Baba.

Ilikuwa saa nne na nusu. Treni ilitoka saa tatu, na mume wangu huzima simu akiwa kazini. Nikapiga ofisi ya kuongoza treni, nikamshikisha Baba simu, nikaiweka kwenye spika. Aliyepokea alimwamkia kwa furaha, akaanza kumuuliza habari za kustaafu.

"Kumi na Nne, gurudumu la tatu kushoto lina ufa," Baba akasema. "Nilijua. Nikasaini."

Mwongozaji akamwambia asubiri. Kisha tukasikia karatasi zikifunuliwa. Akasema gurudumu ni lile lile. Nani angelibadilisha, na sahihi ya Baba ipo inasema ni zima? Treni ilikuwa imeshaanza kuushuka mteremko mrefu, mabehewa kumi na moja, yote yamejaa watu. Baba akafumba macho. Akasema dereva akishika breki, joto linaweza kuupanua ufa, na asiposhika, mteremko utamzidi nguvu. Yule mwongozaji hakubishana naye. Akaisogeza simu kwenye redio, akamwita dereva, akamweleza yote, hata ni nani aliyeyasema.

Sauti ya mume wangu ikaja na mikwaruzo, lakini imetulia, kama mtu anayeuliza kama chakula kimeiva.

"Baba, wewe ndiye unayelijua hilo gurudumu. Nishike breki au niache?"

Miaka yote, swali la namna hiyo mzee huyu alilijibu kabla hujalimaliza. Sasa aliikumbatia simu kwa mikono miwili. Nikamtingisha bega, nikamwambia ajibu, ajibu chochote.

"Baba?"

"Sijui, mwanangu."

Redioni tukasikia mabehewa yakinguruma mteremkoni.

"Haya, Baba," mume wangu akasema kwa upole. "Basi nashika."