Mama Kwanga na Simu Iliyovikwa Viraka

Asubuhi ya Jumamosi. Soko kuu la Kisangani halijajaa bado, na Mama Kyakimwa amekwisha kuzamisha mikono hadi viwiko ndani ya karai la maji. Anabana kitu cheusi kule chini, anakigeuza, anakikamua, kama mama anayemwogesha mtoto mkaidi. Macho yake hayabanduki juu ya maji. Anatafuta kiputo cha hewa.

Kikipanda kimoja tu, kazi inarudi mezani. Kisipopanda, mteja anaondoka na kifuko cha simu ambacho hata pirogi, ule mtumbwi wa hapa, ikipinduka katikati ya mto, kati ya mji na Lubunga ya ng'ambo, simu itatoka humo kavu kama unga wa muhogo.

Leo maji yametulia. Anakitoa, anakifuta kwa upindo wa kitenge na kukiweka mbele ya mwenyewe, karani mmoja wa mjini. Karani anakitazama bila kukigusa, kama mtu aliyeletewa panya kwenye sahani.

"Mama, hii iko mubaya sana," anasema.

"Ule ubaya njo dawa yake," anajibu Kyakimwa. "Ukiipenda weye, na askari ataipenda."

Karani analipa, anakitia mfukoni na kwenda zake.

Ubaya huo umeshonwa kwa makusudi. Kifuko kimekatwa kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, ule uliochoka, wenye viraka juu ya viraka. Ndani kuna sponji ya godoro kuukuu na kitambaa laini cha mwavuli uliovunjika. Mdomo unakunjwa mara mbili na kukazwa kwa ukanda wa mpira. Kikishafungwa, mtu anayekiona barabarani atadhani ni pancha iliyosahauliwa na fundi baiskeli. Na katika mji huu wa vizuizi, ambako simu ikionekana imekwisha kupata mwenyewe mwingine, kusahauliwa ni bahati.

Siku ikiwa nzuri, Kyakimwa anauza vitatu, vinne. Bei ya kimoja ni kama makopo mawili ya mchele. Siku ikiwa mbaya anakaa tu, lakini hakai peke yake. Meza yake haikosi watu. Ukitaka kujua nani kaoa, nani kaachwa, nani karudi kutoka msituni na mke ambaye hakwenda naye, pita hapo ujifanye unauliza bei.

Leo wamezidi. Wapo walioshika ndizi moja tangu alfajiri na hawajaimenya. Wapo waliokuja kuchaji habari tu. Wote wanatupia jicho meza ya jirani, ya Philomène, ambaye hukodisha simu yake kwa dakika. Simu hiyo imetundikwa juu kabisa ya mti wa mwavuli wa meza yake, kwani ndiko mtandao unakoshika, nayo leo inangojewa iite kutoka Basoko, chini ya mto.

Ikiita, Kyakimwa atasikia sauti ya mumewe kwa mara ya kwanza tangu vita iufunge mto. Isipoita, maana yake kifuko cha pili alichokituma huko kimefuata njia ya kile cha kwanza, na safari hii huenda mwenye simu naye amekamatwa.

Kyakimwa na mumewe, Wenceslas Paluku, ni watu wa Lubero, Kivu Kaskazini. Walihamia Kisangani kufanya biashara ya jumla, maharage na sabuni, na binti yao Joëlle alizaliwa hapa. Walikuwa na duka lenye mlango wa chuma na kiti chekundu cha kukaa mkubwa. Ikaja vita ya siku sita, Juni mwaka 2000, majeshi mawili ya kigeni yakarushiana mabomu juu ya vichwa vya watu. Bomu likatoboa ukuta wa duka. Kilichobaki ndani kilibebwa na watu ambao hadi leo Kyakimwa anasalimiana nao sokoni, na mmoja wao anavaa shati la Wenceslas siku za sikukuu.

Mume akachukua mtaji wa mwisho na kuteremka hadi Basoko kununua mchele. Mto ukafungwa nyuma yake, kila upande ukishikwa na jeshi lake. Huko chini ni mtu wa mashariki, wanamtazama kama mpelelezi. Akithubutu kupanda, huku juu ataulizwa alikuwa akifanya nini kule. Basi amekaa, anawapimia watu wengine mchele wao, na habari zake zinafika kwa midomo ya watu, kila mdomo ukiongeza chumvi yake. Mmoja alisema amekonda. Mwingine alisema ameoa.

Kyakimwa alibaki na cherehani. Alianza na vifuko vya redio, vyenye matundu mbele ili taarifa isikike, na mfuko wa pembeni wa betri zilizoanikwa juani ili zipate nguvu tena. Kisha simu zikaanza kuingia mjini, na vifuko vikabidi vipungue kipimo.

Hapo ndipo anapoingia Papa Cyprien. Huyu ni mzaliwa wa Basoko, mchuuzi wa mtoni, anayefahamika na walinzi wa pande zote. Pirogi yake hupita kwa kuacha matabishi, ile chai ya walinzi, kwenye kila kizuizi. Alikuwa na simu ya satelaiti, nene kama tofali, na kwa simu ya namna hiyo mtu anaweza kuitwa jasusi kabla hajafungua kinywa. Akamwambia Kyakimwa: nishonee kitu cha kuificha, nami nikifika nitaiweka kwenye sikio la bwana yako.

Kyakimwa alifikiri siku nyingi, kisha akashona kwanga.

Alikata turubai la kijani, akajaza sponji, akaliviringisha kama ule mkate wa muhogo wa watu wa mtoni, akalivika majani ya kweli na kulifunga kwa kamba za kweli. Waliokiona kifuko hicho wanasema kilikuwa kinatia njaa. Papa Cyprien alikitia chini kabisa ya kapu, juu yake akapanga kwanga halisi, akaondoka akipiga mluzi.

"Kwetu Lubero tunakula bugali na maharage, tunakula viazi," anaeleza Kyakimwa, akiwa amerudi kwenye cherehani. "Kwanga nilikuwa naiona tu kwa macho. Nilijisemea, nani atajisumbua na ile kintu?"

Kwenye kizuizi cha kwanza, askari walikuwa hawajapata posho wala chakula. Hawakumpekua Papa Cyprien hata mfuko wa suruali. Walichukua kapu zima la kwanga, wakamwambia asante sana, papa, safari njema.

Kilichofuata hakuna aliyekiona, na kwa sababu hiyo mji mzima unakisimulia. Kuna wanaosema sajini mmoja alivunja jino. Kuna wanaoapa kwamba kwanga iliita ndani ya sufuria na kikosi kizima kikakimbilia mtoni. Papa Cyprien alirudi mikono mitupu, hakudai kitu, lakini aliacha kupita upande ule wa soko. Na Kyakimwa akapata jina.

"Mama Kwanga, leo unauza na pilipili ao bila?" Djuma, fundi pancha wa ng'ambo ya njia, alikuwa akimsalimia hivyo kila asubuhi, na wenye baiskeli za toleka, zile zinazobeba abiria, walikuwa wakiitikia kwa kengele.

Alicheka nao. Angefanya nini?

"Walicheka batu bote, na miye nilicheka," anasema, na mguu wake unasimama kwenye kanyagio la cherehani. "Lakini nilijua ile kwanga ilikuwa na sauti ya bwana yangu ndani."

Ajabu ni kwamba aliyemtoa shimoni ni huyo huyo Djuma. Ni Mwislamu kutoka Maniema, mdomo haupumziki, lakini moyo anao. Siku moja alikuwa akisimulia jinsi wanajeshi walivyomwibia wakati wa vita: walichukua baiskeli, wakachukua pampu, wakachukua hata benchi la wateja. Watu wakamuuliza walimwachia nini. Akaonyesha rundo la mipira iliyotoboka.

"Hii hakuna mutu alishaniiba," alisema. "Hata wale benye kuiba benchi."

Kyakimwa aliacha kushona. Jioni hiyo alirudi nyumbani na mipira miwili begani, na Djuma ndiye aliyemfundisha kubandika gundi hata maji yasipite, na kutafuta kiputo ndani ya karai kama wanavyotafuta mafundi pancha wote.

Papa Cyprien alipopata simu nyingine kupitia washirika wake, hakutaka hata kuketi karibu na cherehani ile. Philomène ndiye aliyemshika mkono. Alimwambia aketi, asiweke simu yake popote, atazame tu. Kyakimwa akatia mche wa sabuni ndani ya kifuko kipya, akakifunga, akakitupa katikati ya njia. Sabuni, kwa siku hizi, si kitu cha kutupwa njiani.

Wakakaa wakitazama. Wapagazi walikikanyaga. Mbuzi alikinusa akaondoka. Askari wawili walipita, mmoja akakipiga teke kama mpira, mwenzake akakataa kucheza. Mama anayefagia soko alikisukuma hadi kwenye jalala, na Kyakimwa alipokirudisha njiani, akakifagia tena, safari hii kwa matusi.

Jua lilipopungua, Papa Cyprien aliinuka mwenyewe, akakiokota, akakifungua. Sabuni ilikuwa ndani, nzima.

"Bon, Mama Kyakimwa," alisema. "Ninaenda na uchafu wako."

Aliondoka na pirogi yake wiki iliyopita, kifuko kikining'inia wazi kwenye ukingo, pamoja na kopo la kuchotea maji. Aliahidi kupiga simu Jumamosi, watu wakiwa sokoni. Tangu hapo Kyakimwa amekuwa akishona akikosea. Juzi alimshonea mteja kifuko bila mdomo.

Saa nne hivi, simu juu ya mwavuli inaita. Ndizi zinasimama hewani. Philomène anapanda kwenye kigoda, anaitungua, anasikiliza, kisha uso unamwanguka. Ni shemeji wa mtu fulani, anauliza bei ya mafuta ya mawese. Wenye roho nyepesi wanamtukana shemeji huyo, ingawa hawasikii. Simu inarudi juu ya mti wake.

Kyakimwa hajainuka. Amevuta karai karibu na kuzamisha kifuko kingine, na anakaa akikitazama muda mrefu kuliko kazi inavyotaka.

"Mto iko murefu, dada," anamwambia Philomène, kana kwamba Philomène ndiye anayehitaji kupozwa.

Jua linapanda. Wenye haraka wanaanza kuondoka, na wenzao wanawaahidi kuwasimulia. Ndipo simu inaita tena. Philomène anaitazama namba, ni ndefu, haijui. "Allô?" anasema. "Allô? Papa Cy..."

Hamalizi. Anainyoosha mbele kwa mikono miwili, kama mtu anayempokeza mwenzake kitoto kichanga.

Kyakimwa anajifuta mikono kwenye kitenge, mbele, nyuma, mbele tena. Djuma anaizima redio yake. Hata toleka zinapita bila kengele.

"Papa Joëlle?" anasema.

Sauti ya simu ya satelaiti inachelewa njiani, na kimya kile kinatosha mtu kuzeeka. Kisha mabega ya Kyakimwa yanashuka. Anageukia ukuta, anaongea Kinande, lugha ya kwao, haraka haraka, na soko lote linabaki na masikio yasiyo na kazi. Anaitikia, anakanusha, anataja jina la mtoto. Halafu anacheka, kicheko kirefu chenye machozi ndani yake, na dakika za Papa Cyprien zinakatika.

Hawamwachi hata arudishe simu. Amesema nini? Yuko mzima? Na ile habari ya mke?

"Hana muke, anapika mwenyewe," anasema, na wanawake wanapiga makofi. "Anauliza Joëlle amefika darasa gani. Alisema simu inanuka pancha mpaka anaumwa kichwa. Na Papa Cyprien alimusimulia ile mambo ya kwanga yote."

Djuma anainamisha kichwa juu ya gundi yake.

"Alisema, Mama Joëlle, usijali. Huku njo ninakula kwanga kila siku. Ile yako, hata miye ningeiiba."

Kicheko kinatoka soko zima, lakini si kile cha zamani.

Watu wanapotawanyika, kila mmoja na toleo lake, Kyakimwa anavuta sanduku lililo chini ya meza. Anatoa kifuko ambacho hakifanani na kingine chochote alichokishona. Ni chekundu, kutoka kipande cha ngozi ya kile kiti cha dukani, alichokiokota kwenye vifusi. Kina dirisha la plastiki mbele, uzi mweupe pembeni na kishikizo kinachong'aa. Amekuwa akikishona polepole, nyumbani, kwa ajili ya siku mto utakapofunguliwa. Kitanzi cha mkanda tu ndicho hajakifunga. Anangojea kukipima kiunoni mwa mwenyewe, maana kwa kwanga ya kila siku, nani ajuaye amekuwa na umbo gani.

"Hii haiko ya kuficha," anasema. "Ataivaa inje ya shati, apite hapa katikati ya soko, bamuone batu bote."

Djuma amekwisha kuinua kichwa. Kutoka ng'ambo ya njia anauliza simu yenyewe ya kutia humo iko wapi, maana Papa Joëlle hana hata chaji.

Kyakimwa anakikunja kifuko chekundu ndani ya kitambaa, anakirudisha sandukuni na kulivuta karai la maji.

"Kwanza mutu afike, Djuma," anasema. "Simu itamukuta hapa."