Mama Mkwe Aja Hotelini

Mwaka wa 1952 Mukhisa wa Malakisi alikuwa mpishi katika hoteli ya Kalasinga mmoja, Mhindi wa kilemba, mjini Kitale, na ungemwuliza anaogopa nini duniani angekujibu bila haya: mama mkwe wake. Si kwamba mama huyo alikuwa mkali. Nakhungu wa Lugulu alikuwa mpole, mtu wa kanisa. Lakini kwao Wabukusu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawagusani, wala mmoja hamwoni mwenzake akitafuna. Anayekiuka hayo, wazee walisema, huwaletea watoto balaa. Mukhisa alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili, na Nekesa mkewe alikuwa na mimba ya tatu, miezi saba. Kila asubuhi aliamka na hofu hiyo kifuani.

Kazini ndiko alikopumua. Hoteli yenyewe ilikuwa ya meza sita tu, lakini ilipika Bara Hindi zima: chapati za tanuri na mbuzi wa masala kwa Makalasinga, dengu na wali kwa Wagujarati wasiogusa nyama, samaki wa siki kwa makarani Wagoa wa stesheni. Waafrika walikuwa wakila nyuma, kwenye benchi la uani, mpaka mwaka ule Kalasinga alipoufungua mlango wa mbele kwa yeyote. Jiko lilitengwa na ukuta wenye kidirisha cha kupitishia sahani.

Jumamosi moja adhuhuri, shemeji yake Jairus, ndugu wa Nekesa na karani wa shamba la mzungu, akachungulia pale dirishani akitabasamu.

"Shemeji, leo nimeleta mama akule chakula ya Wahindi."

Upawa ulimponyoka Mukhisa. "Umeleta mama wapi?"

"Si hapa? Ameketi. Ati anataka mbuzi. Wewe uko jikoni, yeye ako huku, ukuta iko katikati. Hakuna shida, bana."

Ndiye Jairus huyo. Shule ilimfunza kila kitu isipokuwa kuogopa.

Mukhisa alitundika gunia dirishani haraka, akaanza kupakua. Macho yake yalibaki kwenye gunia, na pilipili aliyotaka kuipunguza ikamwagika yote sahanini. Hakuona. Aliisukuma sahani chini ya gunia, akasikia mama akiomba baraka za chakula, naye akatia vidole masikioni asije akasikia anavyotafuna.

Hata hivyo alisikia benchi likianguka. Kisha Jairus akipiga kelele, "Mama! Mama!"

Akainua pembe ya gunia. Pilipili ilikuwa imemkata mama pumzi, na pande la nyama likamkwama kooni. Alikuwa ameshika shingo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, sauti hakuna. Kalasinga alikuwa ameenda sokoni. Wagoa wawili walisimama wameduwaa. Jairus, msomi wetu, alikuwa akimpepea mamake kwa kofia.

Mukhisa alijua la kufanya. Alishawahi kuona mlaji akiokolewa hapo hapo. Lakini alibaki ameshika pembe ya gunia. Nikitoka, mtoto atakufa. Nisipotoka, mama atakufa.

Akatoka. Alimwinamisha mama juu ya meza, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega, mara moja, mara mbili, mara tatu. Ya nne nyama ikaruka. Mama akavuta pumzi kwa kishindo, akageuka, na macho yao yakakutana, wazi kabisa. Kisha akajifunika uso kwa leso.

Mukhisa alikimbilia jikoni, akaketi kando ya tanuri akilia. Alijiona amemuua mtoto wake kwa mikono yake.

Hakumwambia Nekesa. Miezi miwili mizima, mkewe akiguna usiku, yeye jasho lilimtoka. Siku za kujifungua zilipokaribia, aliomba ruhusa akampeleka nyumbani Malakisi. Alizaliwa msichana, akalia kwa nguvu, lakini Mukhisa hakuthubutu kufurahi. Dawa ya hofu yake ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa mdomoni mwa Nakhungu, kwa maana akilisema jambo lile mbele ya wanawake, basi limekuwa, na akilikana, halikuwako kamwe.

Nakhungu alikuja kumwogesha mjukuu. Mukhisa, kama ipasavyo, alikaa nyuma ya nyumba na kuni zake. Akawasikia wanawake wakiuliza habari za Kitale.

"Huko nilikaribia kufa," mama alisema. "Nyama ilinikwama. Mhindi moja akanipiga mgongo, ikatoka."

"Mhindi gani, mama?"

"Mhindi tu, wa kilemba. Sura yake sikuona."

Jairus, aliyekuwa mlangoni, alikohoa. Mama akapandisha sauti, akaielekeza kwenye dirisha la nyuma.

"Mungu ambariki huyo Mhindi. Na mtoto wake aishi."

Mukhisa aliokota shoka, akaendelea kupasua kuni, machozi yakimtiririka.